Kilo za Kisimba

Mbelu, mke wa Kazadi, aliuza unga sokoni Kolwezi kwa miaka kumi na moja, na mkono wake ulizijua kilo kama ulimi unavyoijua chumvi. Ukimpa mfuko aushike, alikwambia umepungua kiasi gani kabla mizani haijatulia. Jirani zake ndio waliosimulia yaliyompata mwaka wa sabini na tano. Waliyasimulia mchana tu, tena kwa sauti ya chini.

Jambo lenyewe lilianza Jumamosi moja ya kiangazi, siku kama siku nyingine, vumbi jekundu kwenye mapazia na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, jikoni. Kazadi alikuwa fundi wa bati katika karakana ya kampuni ya shaba, na Kisimba, rafiki yake wa tangu ujana, alifanya kazi naye meza moja. Walitoka kazini, wakala, wakatandaza mezani gazeti la Kifaransa lililoachwa na injinia mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Ndani yake mlikuwa na picha ya ndege ya Warusi ya kutupa mabomu. Iliitwa M-50. Ilikuwa ndefu na nyembamba kama sindano, injini mbili chini ya mabawa, nyingine mbili kwenye ncha zake.

"Banaruka nayo mbele ya batu mara moja," alisema Kazadi, aliyejua kusoma Kifaransa. "Kisha banaifunga. Hakuna ingine."

"Basi ingine itatoka hapa," alijibu Kisimba.

Walikubaliana iwe na urefu wa mita moja. Walikata makopo ya maziwa, wakayanyoosha, wakayaunga kwa risasi ya kuyeyusha na nyaya za shaba zilizotupwa. Kisimba alikuwa na mkono mwepesi, kwa hiyo yeye ndiye aliyetengeneza viti viwili vya marubani, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikubwa kama ukucha wa dole gumba.

"Mbele ni mi, nyuma ni we," alimwambia Kazadi, na wote watatu wakacheka.

Kila Jumatatu asubuhi Mbelu aliinua ndege ile ili apanguse meza. Mara ya kwanza ilikuwa nyepesi kama ungo. Mara ya tatu alisita nayo mikononi. Hakuna kipande kilichoongezwa wiki ile, kwa kuwa risasi ilikuwa imewaishia. Lakini mkono wake ulimwambia kilo nne zimeingia.

Akaipeleka kwenye mizani yake ya unga. Kilo sita. Makopo yote, yeye mwenyewe aliyapima kabla hayajakatwa, hayakufika mbili.

Aliirudisha mezani. Jumamosi iliyofuata alimwona Kisimba akitoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari. Kisimba alikula sahani mbili siku hiyo, akaomba na ya tatu.

Mwezi haukuisha kabla Kisimba hajalazwa. Madaktari walimpima damu, wakampima kifua, wakamfanyia radio, ile picha ya ndani ya mwili. Hawakuona kitu. Mkewe, Mianda, alikuja kwa Mbelu akilia.

"Banamupima kila wiki, siku ya posho. Alikuwa sitini na mbili. Leo iko hamsini na tatu. Na anakula, Mama Mbelu! Anakula!"

Mianda alipoondoka, Mbelu aliiweka ndege kwenye mizani. Ilikuwa imeongezeka kilo tisa. Akainama, akachungulia kidirisha cha mbele. Bati la kiti cha kwanza lilikuwa limebonyea katikati, kama godoro lililokaliwa na mtu.

Mumewe aliporudi alimnong'oneza jikoni.

"Kisimba iko mule."

"Mule wapi?"

"Mu ndeke yenu."

Kazadi alicheka, kisha akakasirika, kisha akaenda kupima mwenyewe. Alirudia mara tatu. Akachukua mkasi wa bati, akashika ncha ya bawa la kushoto, akakata. Injini ya pembeni ikaanguka sakafuni kwa kishindo cha jiwe. Ilikuwa saa tisa alasiri, redio ya jirani ikipiga muziki.

Saa kumi Mianda alikuja mbio. Kisimba alikuwa amepiga yowe wodi nzima ikasimama. Saa tisa kamili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala, baridi, hausikii hata sindano.

Kazadi aliiunga ile injini usiku kucha, machozi yakichuruzika juu ya moto wa kulehemu. Ikashika vizuri. Mkono wa Kisimba haukuinuka tena.

Kuanzia hapo hawakuwa na la kufanya. Kuivunja ni kumuua. Kuiacha ni kumuua polepole. Kazadi alienda wodini kila jioni akakaa kando ya rafiki yake, asiweze kumwambia. Mara moja tu Kisimba alifungua macho, akamtazama sana.

"Kule mbele iko baridi," alisema. "Na nyuma yangu hakuna mutu."

Alikufa Alhamisi. Wanaume sita walijitolea kubeba jeneza. Walipoinama na kuinua, lilipanda juu ghafla kupita vichwa vyao. Wakatazamana. Wanne wakaliachia, wakatembea pembeni, vichwa chini. Wawili waliobaki walilibeba mpaka makaburini kwa kidole kimoja kimoja. Hakuna aliyeimba.

Jirani yao Masudi, mtu wa Kasongo mwenye lori, alikuwa ameona yote hayo. Siku ya tatu ya matanga alimwita Kazadi kando.

"Tata Kazadi, kitu kile kisilale tena mu nyumba yako. Tukipeleke Nzilo, ku mayi."

Asubuhi, jua likiwaka, wanaume hao wawili waliibeba ndege ya bati ya mita moja kama wanaobeba mtu, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mbelu alikwenda nao. Pale juu ya bwawa Masudi alisoma dua yake, Kazadi akafanya ishara ya msalaba, wakaisukuma. Ilizama moja kwa moja. Maji hayakuruka. Hayakufanya hata duara.

Miezi miwili ilipita salama. Kazadi alianza tena kucheka kidogo. Mianda alienda kwa kaka yake, mjini Dilolo. Mbelu alianza kuamini kuwa yamekwisha.

Halafu asubuhi moja Kazadi alikaa kitandani avae viatu, na Mbelu akagundua kuwa springi za kitanda hazikulia. Zilikuwa zikilia miaka yote ya ndoa yao. Alisimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Simama," alisema. "Kaa tena."

Kazadi akasimama. Akakaa.

Kimya.

Hawakwenda hospitali. Wangekwenda kutafuta nini? Masudi na vijana wawili walikwenda Nzilo na kamba na ndoano, wakavuruga maji siku nne. Hawakupata hata waya. Kitu kilichokuwa kikila kilo za Kazadi hakikuwa tena mezani, mahali pa kukipima, kukikata au kukiomba.

Mwezi wa kumi na moja Mbelu alikuwa akimbeba mumewe kwa mkono mmoja. Akili yake ilikuwa timamu, sauti yake ileile nzito ya mwanaume mkubwa. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Sauti nzito, na mwili usio na uzito wa kuku.

"Mbelu," alimwambia siku moja, "usinifunge na kamba. Mi najua unawaza vile. Acha."

Kweli, Mbelu alikuwa ameiweka kamba tayari.

Siku hiyo, saa sita mchana, alimlaza kwenye mkeka uani aote jua, akamfunika blanketi. Ua ulikuwa umefagiliwa. Aliingia ndani kuchukua uji. Hakukaa hata dakika mbili.

Alipotoka, blanketi lilikuwa limelala bapa juu ya mkeka.

Alimwita. Aliinua blanketi. Lilikuwa bado na joto.

Kisha akaona ardhi. Kutoka ukingoni mwa mkeka ilianza mistari mitatu, mmoja mnene katikati na miwili myembamba pembeni. Ilikwenda sawasawa kama iliyochorwa kwa rula, ikapita penye mwanya wa ua, ikashika barabara. Ilikuwa alama za magurudumu madogo kama vifungo vya shati. Kazadi na Kisimba hawakuwahi kuiwekea ndege yao magurudumu.

Mbelu aliifuata akikimbia. Kadiri alivyokwenda, mistari ilizidi kuwa hafifu. Karibu na bomba la maji, mbele ya wanawake na ndoo zao, iliisha. Amisa, mke wa Masudi, alisema kivuli kilipita juu ya ndoo, akainua macho, hapakuwa na ndege wala wingu.

Kampuni iliandika kwamba citoyen, yaani raia, Kazadi ameacha kazi. Mbelu akatolewa katika ile nyumba ya kampuni, na nyumba akapewa mfanyakazi mwingine, Kalenga, ambaye hakuambiwa lolote. Mtu huyo hakupenda vumbi, kwa hiyo wiki ya kwanza alimwaga simenti ua mzima, akaulainisha kwa mwiko, akafunga geti ili watoto wasikanyage.

Simenti ilipokauka, ilikuwa na mistari mitatu.

Safari hii ilitoka barabarani, ikaja mpaka mlangoni pake.