Simu Anayoiweza Mama

Bernadetha anaishi Kibosho, kwenye kihamba alichoachiwa na marehemu mume wake. Ni shamba la ukoo. Nyumba iko katikati, imezungukwa na migomba na kahawa, na zizi liko nyuma ya jiko. Majirani humwita Mama Primus, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni bibi wa wajukuu wengi, lakini kukaa kitako hakumpendezi. Kila asubuhi anawasha moto, anakamua ng'ombe, kisha anashuka bondeni na mundu kukata majani.

Ng'ombe wake hawaendi kuchunga. Wanakula zizini. Kwa hiyo majani ni lazima yakatwe, mvua inyeshe isinyeshe.

Watoto wake wameshahama. Primus anafanya kazi kwenye ghala la mbolea Moshi mjini. Monica ameolewa Himo. Krismasi wote wanapanda nyumbani, na kupanda huko kuna mambo yake. Ukoo mzima unaangalia nani amekuja na nini.

Krismasi iliyopita Primus alimletea mama yake simu janja, ya kugusa kioo. Ilikuwa kubwa na inang'aa. Alimkabidhi mbele ya watu wote, wakati wa nyama. Wakapiga makofi. Mashemeji wakaishika na kuigeuzageuza.

"Aisee, Mama Primus! Sasa na wewe ni wa kisasa!"

Mama alishukuru kwa moyo. Simu yake ya zamani ilikuwa imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Primus akatoa laini, akaiweka kwenye simu mpya. Ile kuukuu akaitupa.

Sasa nikuambie simu hiyo mpya ilikaa wapi. Ilikaa kabatini, imefungwa ndani ya kitenge. Ilitoka Jumapili tu kwenda misani, na huko nako ilikuwa imezimwa. Mama aliogopa kuivunja. Tena ikilia aliogopa hata kupokea. Vidole vyake vimekuwa vigumu kwa mundu na jembe, na kioo hakikuvisikia. Akigusa, simu inanyamaza. Akigusa tena, inafungua picha asizozijua.

Primus akija kumtembelea, aliuliza, "Mama, mbona hupokei simu?"

"Nakuwa shambani, baba."

"Lakini simu ni nzuri?"

"Nzuri sana."

Angesema nini? Zawadi ya mtoto, iliyotolewa mbele ya ukoo, haikataliwi. Kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza huko nusura kumtoe roho.

Asubuhi moja ya mvua aliteleza kando ya mfongo, yaani ule mfereji unaoleta maji mashambani. Mguu ukateguka, akashindwa kusimama. Simu ilikuwa juu nyumbani, kabatini. Aliita, lakini maji ya mfongo yalikuwa na kelele kuliko sauti yake. Alikaa kwenye tope, analowa na kutetemeka, mpaka mchana. Ndipo mzee Kornel, jirani yake wa ng'ambo ya mfongo, alipopita kuzibua maji akamkuta, akamfikisha nyumbani na kuwapigia watoto wake.

Primus alifika jioni ile ile. Monica alikuwa ameshafika na alikuwa anamkanda mama mguu kwa maji ya moto. Primus alikuwa na hofu, na hofu yake ilitoka kama hasira.

"Nimepiga asubuhi nzima! Simu iko wapi?"

"Kabatini."

"Kabatini! Basi, mama. Utahamia kwangu mjini. Chumba kipo. Ng'ombe tutawauza."

Bernadetha aliinamisha kichwa. Mume wake amezikwa pale pale kihambani, karibu na kahawa. Kila siku akipita humsalimia.

"Mjini nitafanya nini? Nikae kwenye kochi kama mgeni?"

"Mama, ungekufa pale chini!"

"Ningekufa nyumbani kwangu."

Maneno hayo yalimchoma Primus. Akageukia dirisha. Monica akauliza taratibu, "Mama, kwa nini simu inakaa kabatini? Tuambie ukweli."

Mama akaeleza yote, vidole, kioo, picha na woga. Primus alisikiliza uso ukiwa umemshuka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba? Ulinipa mbele ya watu."

Kisha Monica akasema, "Tumtafutie simu anayoiweza. Akipatikana kila tukimpigia, abaki hapa. Ikishindikana, ndipo tuzungumze habari ya kuhama."

Primus alikubali, ila shingo upande. Mama alikubali haraka. Alijua kuwa nyumba yake sasa inategemea simu.

Mguu ulipopona, wote watatu walishuka Moshi mjini. Walikwenda dukani kwa Maulida, rafiki wa Monica tangu shule. Maulida anauza simu na kuzitengeneza.

"Tupe simu nzuri ya mzee," alisema Primus.

"Mzee yupi? Wazee hawafanani." Maulida akamvutia Bernadetha kiti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Simu unataka uifanyie nini?"

Bernadetha alishangaa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Nipige. Nipokee. Basi."

"Hutaki kuwaona wajukuu kwenye kioo?"

"Wajukuu nawaona wakija kula ndizi."

Maulida akacheka. "Wapo wazee wanaotaka kuona picha, na simu ya kugusa wanaiweza vizuri tu. Hao nawauzia hiyo. Wewe tutafute ya batani."

Akaweka simu kadhaa mezani. "Usiziangalie tu, mama. Zishike. Andika namba unayoikumbuka."

Ya kwanza batani zake zilikuwa ndogo. Kidole kimoja kilibonyeza mbili kwa pamoja. Ya pili maandishi yake yalikuwa hafifu. Ya tatu ilikuwa na batani pana, na namba zake nyeupe zilisomeka vizuri.

"Hii naiona bila miwani!"

Maulida akaitia laini ya mama, akafungua mlango kelele za pikipiki ziingie, akaipigia. Simu ikalia, na tena ikatetemeka mkononi mwa mama.

"Umesikia, mama?"

"Hata aliye kaburini angesikia!"

Primus alijikuna kichwa. "Lakini hiki si kitochi tu? Nyumbani watasema nimeshindwa kumnunulia mama simu ya maana."

"Kaka Primus," alisema Maulida, "mama akianguka, hao wasemaji ndio atakaowapigia?"

Primus akavuta kiti, na yeye akakaa.

Maulida akageuza simu. Nyuma ilikuwa na batani nyekundu. "Hii ni ya dharura. Si kila simu inayo, kwa hiyo ukinunua uliza. Ukiibonyeza na kuishikilia, simu inawapigia watu tuliowachagua, mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja apokee. Wa kwanza awe nani?"

"Mimi," alisema Primus.

"Wewe uko mjini," alisema mama yake. "Mpaka ufike huku juu na barabara ile, nitakuwa nimeshapoa. Muweke Kornel. Halafu wewe. Halafu Monica."

Primus alimtazama mama yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Haya. Kornel."

"Na mtandao?" aliuliza Maulida. "Pale bondeni anapokata majani unashika? Sisemi nyumbani. Nasema pale pale."

Primus na Monica wakaangaliana. Mama ndiye aliyejibu. "Laini yangu ni ya mtandao ule ule wa Kornel, na yeye huwa anapiga akiwa mfongoni."

"Vizuri. Hata hivyo, mkajaribu wenyewe. Na namba yake msiibadilishe, watu wote wanaijua." Maulida akafunga kamba kwenye simu na kumvisha Bernadetha shingoni. "Mama, simu hii ikae mwilini, siyo kabatini. Chaji yake inadumu, lakini ichaji kila jioni ukishakamua, usingoje iishe. Na jambo moja zaidi. Mtu akipiga na kusema umeshinda zawadi, au amekutumia pesa kwa makosa, kata simu. Namba ya siri ya pesa usimpe mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu."

"Hata padri?"

"Hata padri, mama."

Walicheka mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akacheka pia.

Waliporudi Kibosho walishuka bondeni na simu. Kwenye majani ilishika. Chini zaidi, nyuma ya mwamba, haikushika.

"Huku chini usije tena peke yako," alisema Primus. "Majani ya huku nitakata mimi nikija."

Alitaka kumfundisha mama mambo yote siku ile, redio, saa, hata kikokotoo. Monica akamzuia. "Leo kupokea tu. Akizoea, atajifunza kupiga." Basi Monica akajificha nyuma ya zizi na kupiga tena na tena. Kila simu ilipolia, mama alipokea na kusema "Haloo!" kwa sauti ambayo haikuhitaji simu. Ile simu kubwa aliichukua Monica, naye hakulalamika hata kidogo.

Kuanzia hapo Primus alipiga kila siku, na mama alipokea. Wakati mwingine yeye ndiye aliyepiga, kuuliza kwa nini Primus amechelewa kupiga.

Masika yalipoanza, Bernadetha alikuwa kwenye kahawa alipoona dunia inazunguka. Hakungoja aanguke. Alikaa chini, akashika simu kifuani, akabonyeza batani nyekundu. Kornel alipokea. Alifika na mke wake, miguu imejaa tope, wakamshika huku na huku wakampeleka zahanati. Presha ilikuwa imepanda. Dawa za presha anazomeza kila siku zilikuwa zimeisha, na hakuwa amekwenda kuchukua nyingine. Mganga wa zahanati alisema wamewahi.

Primus alipoingia, Bernadetha alikuwa amelala kitandani. Alimwona mtoto wake mlangoni, amelowa mvua. Aliwaza, sasa ndiyo basi. Sasa atanihamisha.

Primus akakaa kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Mama, ulipiga mwenyewe?"

"Nilibonyeza. Kornel akaja."

Primus akaigusa simu iliyokuwa shingoni mwa mama. "Umefanya vizuri. Jumamosi nakuja kukata majani. Wewe pumzika, na dawa usiache tena."

Bernadetha alijikaza akauliza. "Na ile habari ya kuhama?"

"Kuhama kwenda wapi, mama? Kwako si pale?"

Bernadetha aligeukia ukutani, akalia kwa furaha. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akamwuliza mganga kama anaweza kurudi nyumbani leo leo, maana ng'ombe walikuwa hawajala.