Kila Mkono Unasema

Alhamisi moja ya mwaka 2003, ukumbi wa hoteli huko Qurum, Oman, ulifurika watu. Walikuja kutazama nakala za picha za Kifaransa za karne ya kumi na nane, na wengine, tuseme kweli, walifuata kiyoyozi na sharubati ya bure. Mahfoudh alikuwa wa sharubati. Kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi barabara, gilasi mkononi, akaikanyaga abaya ya mtu.

"Samahani dada! Sikukuona."

"Na mimi mkubwa hivi?" Ghadeer, mwenye abaya, akacheka. Vazi lake lilitiwa zari mikononi, na alinukia udi hata Mahfoudh akasahau alikokuwa akienda.

Kazi ya Ghadeer ilikuwa kuwaeleza wageni picha. Akamsimamisha mbele ya moja: mabibi wa hariri wamekaa bustanini, bwana mmoja anakaza nyuzi za gambusi, mwengine kashika filimbi.

"Kumbe na wao wana taarabu?"

"Ndiyo taarabu yao. Lakini tazama, hapana anayesikiliza. Huyu anamwangalia yule, yule kainamisha uso. Bibi huyu anampa bwana karatasi ya nyimbo, yaani njoo tuimbe sote. Humu kila mkono unasema neno."

"Na huu wangu unasema nini?"

"Unasema sharubati inamwagika."

Simu zikaanza. Wazee wa Mahfoudh walirudi Oman kutoka Tabora, wa Ghadeer kutoka Unguja, basi Ghadeer kutwa kumtania Mahfoudh kwa Kiswahili chake cha bara.

"Umekula, habibti?"

"Nshakula, mpenzi. Mama yako anakuja lini kuniposa?"

"Akipona mguu tu, anakuja."

Mapenzi yakakolea. Ghadeer akamwalika kwenye taarabu ya jamaa zake, katika ukumbi mmoja wa Wattaya. Bi Khole, mwimbaji na jamaa yao, aliimba, fidla ikalia. Ukafika ubeti wa kumwambia mtu aende zake, kwani mwenziwe keshapata aliye bora. Hapo hapo Mahfoudh akainuka, uso umejaa tabasamu, akapita mbele za watu na kumtia Bi Khole noti mkononi.

Vigelegele vikapigwa, macho yote yakamgeukia Ghadeer. Kwa Wazanzibari, anayeinuka kumtunza mwimbaji ameufanya ubeti ule kuwa wake, na anampelekea mtu wake. Ghadeer akachukua mkoba akatoka.

Tangu hapo hakupokea simu. Binamu yake Nasr, wa Quriyat, alikuwa ameleta posa, na baba wa Ghadeer, mzee Amur, alitaka jibu Ijumaa. Ghadeer akamwambia mama yake, "Ntamkubali Nasr." Kisha akajifungia chumbani, akalia.

Alhamisi Bi Khole akaja kutembea, akamkuta macho yamevimba.

"Kisa nini, mwanangu?"

"Yule kijana aliyekutunza, bibi. Kaniacha mbele za watu."

"Yule? Yule kanambia, 'Mama, nakuomba umpe mpiga fidla, amenitoa machozi.' Masikini, mtu wa bara, hajui mambo yetu! Hata ubeti hakuusikia."

Ghadeer akaona haya. Kutwa anawasomea watu mikono ya Wafaransa, wa mtu wake ukamshinda! Akapiga simu.

"Ghadeer! Nimekosa nini? Niambie, hata kama ni kubwa."

"Uliinuka kwenye ubeti wa kuachana."

"Ubeti gani? Mimi nilisikia fidla tu."

"Nsamehe, roho yangu. Binamu yangu Nasr kaleta posa, na kesho baba anataka jibu."

"Basi kesho namleta mama, na mguu wake huo huo."

Mahfoudh na mama yake wakaja Ijumaa baada ya sala, na halwa. Mzee Amur akaenda mlango wa ndani, alikokuwa Ghadeer na mama yake. Desturi ni binti kuinamisha kichwa, na kimya chake ndiyo ridhaa.

"Mwanangu, nna posa mbili. Nikikutajia huyu wa leo ukanyamaza, ntajua."

Mama yake akamminya mkono, anyamaze. Ghadeer akainua uso.

"Sinyamazi, baba. Nnamtaka Mahfoudh. Na nnakushukuru kwa kuniuliza."

Mzee Amur akaguna, kisha akacheka. Ghadeer akamshukuru Mungu, na Bi Khole, na baba yule aliyesubiri jibu. Barazani kijana mmoja akasema "Alhamdulillah!" kwa sauti iliyowafikia majirani, hata mama yake akamfinya.