Mhitimu Aliyefichwa Kwenye Mipeasi

Asubuhi nyumbani kwa Mama Tae-rim huanza kwa harufu ya supu. Yeye huamka wa kwanza. Hupika wali, hupasha supu ya soya, kisha huita watu wake waje mezani. Mumewe huja akikohoa. Binti yake, Da-on, huja wa mwisho, nywele hazijachanwa, jicho moja liko kwenye bakuli na jingine kwenye basi la chuo. Katikati yao huja Tae-rim, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, amevaa buti za shamba.

Buti hizo zilimchoma mama yake moyoni.

Tae-rim alikuwa amemaliza Chuo Kikuu cha Seorim mwezi wa Februari. Alisoma katika idara ya kilimo cha matunda. Wenzake wengine walikimbilia Seoul. Yeye alirudi nyumbani, akamwambia baba yake, "Mipeasi hii imezeeka, baba. Tupande mingine kidogo kidogo. Mimi nipo."

Baba yake alifurahi mno. Lakini wanaume wa kwetu hawasemi mambo hayo. Alijikohoza tu, akamkabidhi mkasi wa kupogolea.

Mama ndiye aliyenuna. Alikuwa amepanga peasi kwenye maboksi tangu ujana wake ili mwanawe aje kuvaa tai. Kwetu Seorim mzazi hasomeshi mtoto chuo kikuu ili arudi kushika jembe. Akirudi, majirani watasema hakuweza huko mjini. Basi mama akatunga lake. Aliyemwuliza alijibiwa, "Tae-rim yuko Seoul. Anajiandaa kwa mtihani wa kazi za serikali."

Shida ni kwamba kijiji kizima kilikuwa kinamwona Tae-rim kila siku kwenye pikapu ya baba yake. Mama alipobanwa alisema, "Amekuja kupumzika kidogo." Mapumziko hayo yalipita kiangazi, yakapita mavuno, na sasa baridi ilikuwa inaingia.

Jioni moja Da-on alirudi kutoka chuo. Yeye naye alikuwa anasoma idara ile ile ya kaka yake, mwaka wa pili. Msichana huyu alipenda miti ya matunda kuliko nguo mpya. Siku hiyo aliweka vijiti vyake vya kulia mezani bila kula.

"Una nini?" mama aliuliza.

"Wanataka kuifunga idara yetu."

"Nani kasema?"

"Profesa mwenyewe. Anasema takwimu zetu ni mbaya. Wahitimu wetu hawana kazi, kwa hiyo fedha ya serikali inapungua. Chuo kitaangalia takwimu mpya mwakani. Zikiwa mbaya tena, hawatapokea wanafunzi wapya, na sisi tutahamishiwa idara ya biashara."

"Biashara si mbaya," baba alisema kwa upole.

"Baba, mimi sitaki kusoma biashara. Nataka kusoma miti." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Tae-rim aliinua kichwa. "Mbona mimi nina kazi? Hyeon-jae niliyesoma naye ana kazi. Hao wahitimu wasio na kazi ni akina nani?"

"Kula, chakula kinapoa," mama alisema haraka. Lakini yeye mwenyewe hakikumshuka. Alikumbuka jambo fulani, akajitahidi kulisahau.

Wiki hiyo hiyo ilikuwa zamu yao ya kutengeneza kimchi, kabichi ya pilipili ya kuliwa msimu wote wa baridi. Siku hiyo wanawake jirani hukusanyika nyumba moja. Kila mmoja huja na kabichi zake zilizokwisha kulala kwenye chumvi. Rojo la pilipili huchanganywa pamoja kwenye beseni moja kubwa, kisha hugawiwa. Anayeleta kabichi nyingi hupewa rojo jingi. Mikono hufanya kazi, na midomo haikai bure.

Walikuja Mama Hyeon-jae, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na Mama Ui-jin, mpole lakini mdadisi. Wana wao walimaliza idara ile ile pamoja na Tae-rim. Alikuja pia Bi Mi-ran, jirani wa nyumba ya pili, ambaye anafanya kazi katika ofisi ya takwimu ya Chuo Kikuu cha Seorim. Mama Tae-rim alimwekea kiti karibu yake makusudi.

"Dada Mi-ran," alianza, huku anapaka rojo kwenye kabichi, "eti serikali inaweza kufunga idara kwa sababu ya namba?"

"Serikali haifungi idara," Bi Mi-ran alijibu. "Serikali inagawa fedha. Ni fedha ya kodi zetu, kwa hiyo haigawi kwa kukisia. Inauliza kila chuo: wameingia wanafunzi wangapi? Wangapi wameacha njiani? Waliomaliza, wangapi wamepata kazi? Chuo chenye majibu mazuri kinapata zaidi. Kikipungukiwa, kinageuka kuangalia idara zake, kinatafuta ipi inalegalega."

"Ni kama hili rojo," Mama Ui-jin alisema.

"Sawasawa kabisa. Tunagawa rojo kwa kabichi tunazoziona. Ukificha kabichi zako jikoni, utapewa rojo kidogo. Halafu utalalamika kwamba umeonewa."

Wote walicheka. Mama Tae-rim alicheka nusu.

"Lakini mtajuaje nani ana kazi?" aliuliza. "Mnawafuata huko waliko?"

"Tunaanza na bima ya afya. Kijana akiajiriwa na kampuni, kampuni ndiyo inamlipia bima. Anaonekana hapo hapo. Lakini kijana anayelima na wazazi wake, bima yake iko chini ya baba. Kompyuta inamwona kama mtoto wa nyumbani tu. Kwa hiyo tunapiga simu kwao kuuliza. Hapo ndipo tunapokwama."

"Hawapokei?"

"Wengine wanadhani sisi ni matapeli, wanakata simu. Wengine wanapokea. Mama mtu anatuambia mwanawe anajiandaa kwa mtihani wa serikali. Ukituambia anajiandaa kwa mtihani, sisi tunaandika hana kazi. Hatuna namna nyingine. Mwaka huu, katika idara ya matunda, nimesikia jibu hilo mpaka nimelikariri."

Mikono ya Mama Tae-rim ilisimama juu ya kabichi.

Jambo alilokuwa anajitahidi kulisahau lilikuwa hilo. Mwezi uliopita msichana wa chuo alipiga simu, akauliza kwa adabu Tae-rim anafanya nini siku hizi. Wakati huo Tae-rim alikuwa juu ya ngazi, anavuna peasi, anaimba. Na mama yake akajibu bila kupepesa macho, "Yuko Seoul. Anajiandaa kwa mtihani."

Sasa aliona jinsi mambo yalivyoungana. Aibu yake ilikuwa imeandikwa kwenye takwimu. Takwimu zilikuwa zinakwenda serikalini. Na Da-on, mtoto wake mwenyewe, ndiye angelipia. Angeweza kunyamaza, na kesho kumpigia Bi Mi-ran simu ya siri. Lakini alimwona Da-on uani, anaosha vitunguu kwa maji baridi, pua imekuwa nyekundu. Akaona uongo umetosha.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" Mama Hyeon-jae aliuliza.

"Niliyesema yuko Seoul. Tae-rim hayuko Seoul. Hajiandai na mtihani wowote. Analima peasi na baba yake tangu alipomaliza chuo. Nimewadanganya nyote."

Mama Hyeon-jae alifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Mwenzangu, hilo tunalijua. Juzi alinisaidia kuvuta trekta kwenye matope. Nikadhani labda mtihani wenyewe ni wa matrekta."

Vicheko vilipasuka. Mama Tae-rim alicheka mpaka akalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Vicheko vilipokwisha, Mama Hyeon-jae aliinamia beseni.

"Sasa ngoja na mimi niseme," alisema, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Wa kwangu nilisema anajiandaa na mtihani wa polisi. Hana hata habari nao. Yuko kwenye zabibu za mjomba wake."

Mama Ui-jin alikohoa. "Wangu nilisema amekwenda ng'ambo kusoma lugha. Yuko kwenye stroberi, huko nyuma ya shule."

Bi Mi-ran aliwatazama mmoja mmoja. Alivua glavu zake za mpira taratibu.

"Yaani," alisema, "idara ya kilimo cha matunda inataka kufungwa kwa sababu vijana wake wanalima matunda."

Walisikia wenyewe neno hilo lilivyo.

Mama Hyeon-jae alimgeukia Bi Mi-ran. "Basi wewe si uko hapo hapo ofisini? Waandike wote wana kazi, tuyamalize."

"Hapana, dada," Bi Mi-ran alisema. "Siandiki nisichokijua. Wizara inakagua. Ikikuta uongo, chuo kinaadhibiwa na fedha inarudishwa. Na yule ambaye kweli hana kazi, aandikwe hana, ili chuo kijue kuna mtu wa kusaidiwa. Mimi sitaki namba nzuri. Nataka namba ya kweli. Yenu tu ikiwa ya kweli, itakuwa nzuri yenyewe."

"Na habari za watoto wetu zitabandikwa ukutani?" Mama Ui-jin aliuliza. "Kila mtu asome?"

"Majina hayatangazwi. Kinachotoka nje ni hesabu ya idara."

"Tufanye nini, basi?" Mama Tae-rim aliuliza.

"Vijana waende ofisi ya kilimo ya wilaya wakajisajili kuwa wakulima. Waende wenyewe, kwa majina yao, wasiende kwa jina la baba. Kisha walete uthibitisho chuoni. Siku ya kuhesabu ni mwisho wa Desemba. Mkiwahi, wataonekana."

Usiku huo Mama Tae-rim alipanga kimchi kwenye mitungi, kisha akaenda kumkuta mwanawe aliyekuwa ananoa mkasi.

"Kesho uvae vizuri," alimwambia. "Tunakwenda wilayani kukusajili."

"Kunisajili nini?"

"Kwamba wewe ni mkulima."

Tae-rim aliacha kunoa. Alimtazama mama yake kama mtu anayehofia kuchezewa. "Mama, una hakika? Watu watajua."

"Watu wanajua siku nyingi. Aliyekuwa hajui ni mimi."

Kesho yake ofisi ya wilaya ilikuwa imejaa watu, na nusu yao walikuwa wanamfahamu Mama Tae-rim. Karani aliuliza kwa sauti, "Mwombaji anafanya shughuli gani?" Tae-rim alimgeukia mama yake. Desturi yake ilikuwa kumwachia yeye kujibu.

Mama Tae-rim alisogea mbele. "Mkulima," alisema. "Mkulima wa peasi. Na amesomea."

Karani aliandika, wala hakushangaa. Wazee waliokuwa kwenye foleni waliendelea na hadithi zao za mbolea. Mama alitoka nje akiwa mwepesi, akamnunulia mwanawe chapati tamu za njiani, na wakala wakiwa wamesimama kwenye baridi.

Mama Hyeon-jae na Mama Ui-jin nao walikwenda na vijana wao. Habari ilitembea. Wazazi wa vijiji vingine waliwapigia simu wenzao. Chuo nacho kilibadilisha namna ya kuuliza. Bi Mi-ran aliwaomba wapiga simu wasiishie kuuliza, "Je, ameajiriwa?" Waulize pia, "Siku zake anazitumia kufanya nini?" Wengi walijibu swali hilo bila haya.

Mwaka uliofuata, majani ya mipeasi yalipoanza kuwa mekundu, Bi Mi-ran alikuja akitembea haraka njiani. Mama Tae-rim alimwona kutoka bustanini, akashindwa kushuka kwenye ngazi.

"Sema hapo hapo ulipo," alimwambia.

"Idara inabaki," Bi Mi-ran alisema. "Takwimu zimepanda. Fedha ya serikali haikupunguzwa, na mwezi Machi watapokea wanafunzi wapya."

Da-on alikuwa chini ya mti. Alikaa kwenye nyasi, akafunika uso kwa mikono yake. Baba yake alijikohoza, mara hii kwa muda mrefu, kisha akageukia mti akaukagua bila sababu. Mama alishuka, akamkumbatia binti yake. Mzigo wa mwaka mzima ulikuwa umemtoka mabegani.

Machi ilipofika, wanafunzi wapya waliletwa bustanini kwa kina Tae-rim kujifunza kupogoa. Wazazi wachache waliwasindikiza. Mama mmoja, amevaa viatu vya mjini vilivyozama kwenye udongo, alikuja akasimama kando ya Mama Tae-rim.

"Samahani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu amekataa vyuo vya Seoul, ameng'ang'ania hapa. Silali. Hivi waliomaliza hapa, wana kazi kweli?"

Mama Tae-rim alimshika mkono yule mgeni, akamwongoza polepole kwenye udongo laini hadi katikati ya bustani. Juu ya ngazi kijana alikuwa anawaonyesha wanafunzi tawi la kukata na tawi la kuacha. Wote walikuwa wamenyamaza wanamsikiliza.

"Yule pale," Mama Tae-rim alisema, kwa sauti ambayo hata Mama Hyeon-jae nyumbani kwake aliisikia, "ni mwanangu. Mwulize mwenyewe."