Hodi ya Mgongaji

Fuko-chuma likianza kuguguna mwamba wa Mlima Bugolola, supu hutetemeka kwenye bakuli hadi mtaa wa tatu wa mji wa Isabilo, na wazee wenye meno ya bandia huyavua wakayatia mfukoni yasije yakaongea bila ruhusa. Ndivyo wanavyosema wenyeji, na asiyesadiki aende akanywe supu huko. Mdude wenyewe una urefu wa basi na hauna macho. Mbele una pua ya almasi inayozunguka, kifuani una nyundo ya kugonga mwamba na kusikiliza unavyoitika, na tumboni umebeba pipa la zege la povu, zege jepesi linaloumuka kama maandazi na kukauka kabla hujamaliza kupiga chafya.

Lakini fuko-chuma halikuwa na akili ya kujua liende wapi. Akili hiyo ilikaa ukumbini, chini ya mlima, kwenye viti vya plastiki, imevaa miwani na glavu, na Jumamosi ile mchana ilikuwa inatafuna karanga.

Kampuni ya dhahabu ilikuwa imepanda visikizi mlima mzima, vidude vidogo kama kokwa la embe, kazi yao kusikiliza tu. Akiliunde ilizipokea sauti zote na kuzigeuza picha. Mwamba mtupu una sauti nzito, basi ikauchora wa kijivu. Maji ikayachora ya buluu. Madini yanalia sauti nyembamba, ikayachora yakimetameta. Ila kupambanua dhahabu na mawe yanayojifanya dhahabu, jicho la binadamu bado lilikuwa linaishinda mashine. Hapo kampuni ikafanya ujanja: kazi ikaifanya mchezo, mchezo ikauita Chimbua, na Isabilo nzima ikacheza. Ukivaa miwani unamwona pacha wako yuko ndani ya mlima, nyundo mkono mmoja na moko, ile tindo ya wachimbaji, mkono wa pili. Pacha akigonga mchezoni, fuko-chuma linagonga mlimani. Pacha akichimba, linachimba. Hilo kila mtu alilijua.

Kisichojulikana kilikuwa kimoja tu, Mgongaji.

Mgongaji alisikika kabla hajaonekana. Mapigo yake yalipita kwenye glavu, yakaingia kwenye mifupa ya viwiko, yakapanda hadi kwenye meno. Kisha unamwona kwa mbali, nyuma ya ukuta wa jiwe, hana kichwa, mdomo uko kifuani, mikono kama makoleo. Watu wazima na ndevu zao walishawahi kuvua miwani na kukimbilia nje bila viatu. Kanuni ilisema ukimkuta mzibe, maana kelele zake zinavuruga visikizi. Unasukuma viganja vyote viwili mbele, fuko-chuma linatapika zege, na Mgongaji ananyamaza.

Wa kwanza kumziba alikuwa Nyanzala, fundi cherehani wa mtaa wa soko. Mwanzoni mwa mwaka alikabidhiwa Nishani ya Kiziba mbele ya umati, na tangu siku hiyo jina likamganda: Mama Kiziba. Nishani aliitundika sebuleni, chini ya saa, ili mgeni akitazama saa aione atake asitake.

Mumewe Lugata, Baba Shija kwa jina la nyumbani, hakuipenda. Lugata alikuwa mchimbaji wa zamani, wa enzi za kamba na tochi, kabla sheria haijawakataza watu kuingia mlimani. Asubuhi ile aliaga kwamba anakwenda mnadani kununua mbuzi. Mtu wa kumsindikiza hakuwa naye tena, kwa kuwa mdogo wake Masele alikwenda Msumbiji kutafuta rubi, au ndivyo wenzake walivyosema, akaondoka bila kuaga.

Kutoaga huko kulimuuma Nyanzala kuliko alivyokubali. Masele alikuwa shemeji wa utani, na mtu wa adabu iliyopitiliza. Mlango uwe wazi, akuone umekaa pale unamenya viazi, atasimama nje apige hodi tatu, si zaidi, na hatii mguu ndani mpaka aambiwe karibu. Siku moja ya mvua kubwa Nyanzala alinyamaza kwa makusudi, amwone atafanyaje. Masele akasimama palepale uani, akalowa hadi soksi.

"Shemeji," Nyanzala alimuuliza baadaye akimpa kanga ajifute, "wewe utakufa mlangoni kwa watu."

"Bora nife nje kwa heshima," Masele akajibu, "kuliko niingie ndani nikukute unaiba nyama ya kaka."

Basi Jumamosi ile Nyanzala alikuwa ndani ya Bugolola, peke yake, kwenye kona ambayo hakuna pacha aliyewahi kuifikia. Alikuwa anafuata mshipa. Ulianza mwembamba kama uzi wa kudarizi, ukapotea, ukarudi mnene kama mkono, ukimetameta hadi macho yakamtoka machozi.

"Mama Kiziba, mlima unatema dhahabu?" sauti ikauliza kutoka kiti cha jirani. Alikuwa Mzee Tungaraza, kondakta mstaafu, ambaye hata kunong'ona kwake kuliwafikia watu wa kituo cha pili.

"Unatema. Kaa huko, usinipumulie."

Akainua moko.

Ngo, ngo, ngo.

Mkono ukamfia hewani. Karanga ukumbini zikaacha kutafunwa. Mbele yake, nyuma ya mwamba ule wa dhahabu, kitu kikubwa kisicho na kichwa kilikuwa kinajikunja na kujikunjua, na ule mdomo wa kifuani ukawa unafunguka.

"Ni yeye," Tungaraza akasema. Pacha wake alishatokea pembeni ya pacha wa Nyanzala, viganja vimeinuliwa. "Mzibe, mama! Mzibe kabla hajatoboa!"

Nyanzala alihisi jasho likimtiririka mgongoni. Mara ile ya kwanza hakuogopa hivi; mara ile alikuwa na haraka ya ushindi. Akavuta pumzi, akainua viganja vyake.

Ngo, ngo, ngo.

"Karibu!"

Neno lilimtoka lenyewe, kwa sauti ileile anayoitoa akiwa jikoni na mikono ina unga. Ukumbi ukaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wanatafuta pa kutolea hofu.

"Mkaribishe na chai kabisa!"

"Muulize atakunywa na maziwa au kavu!"

Nyanzala hakucheka. Alikuwa amekaribisha mnyama, na mdomo wake ulikuwa umejua jambo ambalo kichwa chake kilikuwa hakijalijua. Mapigo matatu. Kimya kidogo, kimya cha mtu aliyesogeza sikio mlangoni. Mapigo matatu tena. Mnyama gani duniani anapiga hodi?

Na hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni anaondoka zake.

Akavua glavu moja, akatoa simu, akampigia Lugata. Simu unayopiga haipatikani kwa sasa. Mnadani kuna minara mirefu kuliko minazi. Mnadani simu hupatikana.

"Mzee Tungaraza, shusha mikono."

"Nishushe nini? Unataka nishani ya pili peke yako?"

"Shusha mikono, baba yangu, nakuomba. Huyo ni mtu."

"Mtu hana kichwa?" Lakini sauti yake ya kikondakta ilikuwa imepungua.

Nyanzala akamwita Injinia Kokushubira, msimamizi wa ukumbi, mwanamke mrefu aliyependa kuzungumza taratibu kama anayesoma taarifa ya habari. Alikuja akitazama kibao cha mashine mkononi.

"Dada Nyanzala, akiliunde imeshamtambua. Inasema ni kiumbe hatari."

"Inajuaje?"

"Kila sauti ya chini tumeifundisha. Maji, gesi, nyufa, mizizi, popo, panya buku. Ikikuta sauti isiyo na jina inaichora kama tishio, ili wachezaji wakae..." Midomo ya Injinia iliendelea kusogea kidogo bila sauti, kama anaipitia tena ile orodha moyoni, akitafuta jina moja, asilione. "Watu hawaruhusiwi kuingia mlimani," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Hatukuona haja."

Nyanzala hakusubiri. Akageuza moko, akapiga mwamba kwa ncha yake butu, na kule ndani ya Bugolola nyundo ya fuko-chuma ikaitika: ngo, ngo, ngo.

Kimya.

Nyanzala alijiona amechelewa, akamwona mgeni anageuka, anaondoka mlangoni gizani.

Kisha mwamba ukalipuka kwa mapigo, ya haraka, bila hesabu, bila adabu yoyote, kama mvua ya mawe juu ya bati. Picha nayo ikachachamaa. Mgongaji akavimba, meno yakaota kifuani, makoleo yakawa sita, akawa anaujia ukuta. Watu wakapiga mayowe. Viti vikaanguka.

"Anakuja!" Tungaraza akalia, na viganja vyake vikaanza kusogea mbele. Nyanzala akavua miwani, akamrukia yule mzee mzimamzima, akamkumbatia mikono yote miwili. Kwa macho matupu ukumbi ulikuwa ukumbi tu, maganda ya karanga na feni mbovu. Alisikia moyo wa mzee ukidunda kama wa kuku aliyekamatwa.

"Usiniachie," Tungaraza akanong'ona, na safari hii alinong'ona kweli. "Ukiniachia nitasukuma. Naogopa, mama."

"Hata mimi. Injinia! Toboa tundu jembamba."

"Kukiwa na gesi nyuma ya ule ukuta, cheche moja ya pua ya fuko..."

"Na kama hakuna gesi, kuna mtu. Toboa!"

Injinia Kokushubira alifumba macho, akabonyeza. Supu ikatetemeka mtaa wa tatu. Hakukulipuka kitu. Akafungua spika ya fuko-chuma, ile ya kuongea na mafundi, na ukumbini pakaingia sauti ya kikohozi. Kikohozi kirefu, cha vumbi, cha mwanadamu.

"Karibu gani hii ya kuchelewa hivi?" sauti ikasema ikikwaruza. "Mgeni ameshaota mizizi."

"Baba Shija?"

"Mama Shija? Umeingiaje humu?"

"Mbuzi yuko wapi?" Nyanzala akauliza, na ndipo alipoanza kulia.

Jua lilikuwa bado kali walipomtoa, mweupe kwa vumbi kama aliyeanguka kwenye gunia la sembe. Jiwe lilikuwa limeporomoka nyuma yake na kumfungia. Watu wakamshangilia, na Tungaraza alishaanza kuwasimulia waliochelewa jinsi yeye alivyokuwa wa kwanza kushuku. Lugata akanywa maji, akanawa uso, akamvuta mkewe pembeni kivulini.

"Sikufuata dhahabu," akasema. "Nilimfuata Masele. Wenzake walikiri kwangu juzi. Hakwenda Msumbiji. Aliingia kwa duara la zamani, lile shimo letu la kuchimbia, hakutoka, nao wakaogopa kushtakiwa."

Akatoa kitu kifuani. Kilikuwa kifuko cha tumbaku, cha kitambaa chenye maua ya zambarau. Nyanzala alikijua kabla hakijakunjuliwa. Alikishona mwenyewe, kwa kipande kilichobaki cha pazia la sebuleni, akampa Masele.

"Nimekikuta mwisho wa njia, kule juu. Na mbele ya hapo, Mama Shija, njia imekwisha. Pana ukuta mweupe, si jiwe, umejaa kutoka sakafuni hadi juu. Nimeugonga sana. Nani alimwaga zege kule?"

Nyanzala alikipokea kile kifuko kwa viganja vyote viwili.

Alikuwa anakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka, kule juu. Mgongaji wa kwanza naye alipiga tatu, akatulia. Akapiga tatu, akatulia. Akapiga tatu. Kisha hakupiga tena, akakaa kimya muda mrefu, na Nyanzala alijisemea, amechoka huyu, sasa ndio wakati. Akasukuma viganja.

Hakuwa amechoka. Alikuwa amesimama mlangoni, anangoja kuambiwa karibu.

Jioni hiyo Lugata aliikuta nishani iko uvunguni mwa kitanda, imefunikwa kwa kanga. Mkewe hakuhitaji kusema zaidi. Waliketi sebuleni bila kuwasha taa, na alipopita jirani kuwapa pole na kubisha mlango, Nyanzala aliruka akaita "Karibu! Karibu! Karibu!" kabla jirani hajamaliza pigo la pili, kwa sauti iliyomfanya yule mama arudi nyuma hatua moja.

Injinia Kokushubira aliifundisha akiliunde sauti ya mtu. Kampuni ikakubali zege la juu livunjwe, Jumatatu, kwa mikono na polepole. Lakini Jumapili ukumbi ukiwa mtupu Nyanzala alimwomba ufunguo, akaingia, akavaa miwani na glavu peke yake. Pacha wake akapanda hadi kule juu. Palikuwa hapana mnyama, ukuta mweupe tu.

Akapiga ngo, ngo, ngo, akasikiliza.

Akapiga mara ya pili. Akasogeza sikio, ingawa alijua sikio lake liko ukumbini na ukuta uko ndani ya mlima.

Akapiga mara ya tatu, akangoja. Hakuna aliyesema karibu. Adabu, kama Masele alivyoishika maisha yake yote, ilimtaka sasa asigonge tena.

Akapiga ya nne.