Betri ya Bibi Rahma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Husna alishuka na bibi yake kwenye matuta ya kabichi, chini kidogo ya nyumba yao kijijini Mgwashi. Bibi Rahma alikuwa mwanamke wa kazi. Tangu wanunuzi wa Dar es Salaam walipoanza kupanda milimani na malori yao, alipatana nao bei mwenyewe, na tenga lake hakuruhusu mtu alibebe.

Asubuhi moja, akiwa ameinama kung'oa magugu, alianguka. Husna alipomfikia, midomo ya bibi ilikuwa imepauka. Baada ya muda mfupi alifumbua macho, akajipangusa udongo, akamkataza mjukuu wake asiseme lolote nyumbani. Alidai ni jua tu, ingawa ukungu ulikuwa bado umefunika bonde. Husna aliitikia, kwa kuwa hakuzoea kubishana na wakubwa.

Wiki iliyofuata Bibi Rahma alianguka tena, mara hii jikoni, karibu kabisa na moto. Husna alimvuta kwa nguvu zake zote. Alipomshika mkono alihisi mapigo yakienda polepole sana, yakisita, kisha yakianza tena. Aliogopa. Jioni hiyo baba yake mdogo, Abubakari, alipokuja kumjulia Bibi Rahma, mama yake, hali, Husna alimwamkia, kisha akabaki amesimama mbele yake.

"Baba mdogo, bibi anaanguka. Leo nusura aungue."

Bibi Rahma aliweka bakuli chini. "Husna, nilikwambia nini?"

"Uliniambia ninyamaze, bibi. Sitanyamaza."

Bibi hakumsemesha tena usiku ule. Hata hivyo, kesho yake Abubakari aliwachukua wote wawili hadi hospitali, Lushoto. Daktari Fanueli alimpima bibi kwa mashine inayochora mapigo ya moyo kwenye karatasi. Aliwaeleza kwamba moyo una umeme wake mdogo unaouamrisha kupiga, na kwamba umeme wa moyo wa bibi ulikuwa unakatika njiani. Alihitaji pesimeka, kifaa kidogo chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili kuushtua moyo unaposita. Kazi hiyo ingefanyika Dar es Salaam.

"Mimi si redio nitiwe betri," alisema Bibi Rahma.

Husna aliuliza kama kifaa hicho humfaa kila mtu ambaye moyo wake haupigi sawasawa.

"Hapana," alijibu daktari. "Wapo ambao moyo wao hukimbia ovyo, na wengi wao hutumia dawa. Pesimeka humsaidia hasa yule ambaye moyo wake ni mzito kupiga, au unasimama kidogo, kama huu wa bibi yako."

Bibi alimgeukia daktari. "Nitalima?"

"Kidonda kikipona, na ukirudi kupimwa kila utakapoitwa, utalima."

"Basi nipelekeni. Ila sibebwi. Natembea mwenyewe."

Alipasuliwa salama, akarudi Mgwashi. Baadhi ya majirani walinong'ona kwamba mtu mwenye chuma kifuani hafiki mbali. Daktari alipomruhusu kufanya kazi, Bibi Rahma alichukua jembe lake, akapita katikati yao akiwasalimia mmoja mmoja, akashuka shambani pamoja na Husna. Hakuanguka tena.

Siku hiyo walipopumzika juu ya tuta, alimketisha Husna karibu naye.

"Nilikukasirikia kwa sababu uliniasi," alisema. "Sasa nakwambia, siku nyingine niasi hivyo hivyo. Kumheshimu mkubwa si kumfichia ugonjwa wake. Ukiona mtu anaumia, sema, hata kama mwenyewe anakukataza. Mimi ningekuwa kaburini kwa sababu ya ukaidi wangu. Ukaidi wako ndio ulioniokoa."