Jina la Kujaribia

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali, nami nakaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijiji chetu, hapa chini ya mlima wa moto Merapi, wakisimulia habari hii hutia usiku, hutia mvua, wengine hutia na bundi. Hapakuwa na bundi. Kulikuwa na tempe, na mjukuu wangu Palupi chumbani akigombana na mashine.

Palupi nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu Suparti, yuko Hong Kong mwaka wa kumi na nne sasa, anaosha wazee wa watu wengine. Baba yake sina la kumsemea. Mtoto alisoma mpaka chuo, akarudi na kazi ambayo hata leo siielezi vizuri: tovuti ya mtu ikiharibika, awe Jakarta awe Surabaya, alimtafuta Palupi, naye akaitengeneza akiwa amekaa kitako na sarong yake. Fundi bomba, ila bomba lenyewe halionekani. Kwenye kona ya chumba aliweka kompyuta kuukuu isiyo na kioo, inanguruma kutwa kama paka aliyeshiba. Aliiita seva. Nilimuuliza kazi yake nini. Akasema kazi ya seva ni kuitika. Mtu yeyote, popote alipo, akiita, yenyewe inaitika.

Nikamuuliza, mara ya kwanza? Akasema, mara ya kwanza, Mbah, yaani bibi.

Sikulipenda. Sisi tulilelewa hivi: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu. Mwenye damu na nyama atarudia. Yule mwingine huishia mara mbili. Palupi alicheka, akasema ningekuwa seva ningefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Kazi aliyokuwa akiifanya Jumanne ile aliletewa na modin wetu, Pak Sarbini, msomaji wa dua. Kila mwezi wa Ruwah, ule unaotangulia mfungo, tunapanda makaburini na mikate ya apem, naye anasoma kwa kipaza sauti majina ya wafu wa kila nyumba, watu wanaitikia amin. Majina yalikuwa yakipelekwa kwa vikaratasi. Mwaka uliotangulia vililoana, akasoma kwa kubahatisha. Mama mkwe wangu akaombewa mara tatu, na huyo hata moja ilikuwa inamzidi. Basi Pak Sarbini akataka tovuti. Unaandika jina la marehemu, unaandika jina lako wewe uliyelileta, unaandika yule ni nani wako. Hata walioko Hong Kong wanaweza kuleta wafu wao. Yote yanaingia kwenye daftari lililomo ndani ya seva, yanapangwa kwa namba, modin anachapa, anasoma. Safi kabisa.

Sasa lazima niseme la Wongso, mume wangu, ingawa sipendi kumpa nafasi. Wongso hakunipiga kila siku, Ijumaa alipumzika. Alikufa kwa kikohozi, na siku ya tatu nilikuwa nimekwisha fua shuka. Kwa miaka kumi na tisa nilipeleka kwa modin karatasi yenye majina kumi na moja, na la Wongso halikuwamo. Mimi kuandika sijui, nilisoma darasa moja na nusu. Namba ninazijua kwa sababu ya soko, herufi hapana. Aliyeniandikia ni Palupi, tangu yuko shule ya msingi. Mwaka wa kwanza aliuliza, na Babu? Nikamwambia aendelee kuandika. Hakuuliza tena.

Basi Jumanne ile niliingia chumbani na sahani ya tempe. Kwenye kioo cha kompyuta yake ndogo niliona neno moja ninalolijua. Jina la Palupi. Hilo nililikariri umbo lake tangu alipokuwa akileta madaftari nyumbani, kama mtu anavyokariri uso. Alitaka anifundishe na langu. Jina lako rahisi, Mbah Ginem, alikuwa akisema, herufi tano tu. Nikamwambia kitambulisho changu nilikitilia dole gumba na dunia haikuanguka.

"Umejiandika wapi hapo?"

"Najaribu tu, Mbah. Lazima nione kama inapokea."

"Hapo ni mahali pa nani?"

"Pa marehemu."

Nilimwambia afute. Akafuta, nami nimesimama. Akasema mafundi wote hujaribu hivyo, wanaandika jina la kwanza linalowajia, na tena hakuwa amemaliza, mahali pa mleta jina alikuwa amepaacha wazi. Nikamwambia ndiyo mbaya zaidi. Karamuni huachi kiti kitupu ukauliza baadaye nani amekikalia.

Alikula tempe. Tukasahau. Au yeye alisahau.

Wiki mbili majina yaliingia kama siafu. Suparti alileta wetu kumi na mmoja kutoka Hong Kong, akapiga simu kujisifu. Yalipofika mia tatu na kumi na mawili, Pak Sarbini alikuja mchana, akanywa kahawa, akaomba achapiwe. Palupi akafungua daftari. Nilikuwa napepeta mchele barazani, mlango wazi. Nilisikia kibodi ikisimama.

Jina la Palupi lilikuwa juu kabisa. Namba moja.

Alinieleza baadaye kwa nini hilo lilimshtua kuliko jina lenyewe. Mashine ikishampa mtu namba, na mtu huyo akafutwa, namba hiyo haitoki tena. Inazikwa naye. Yeye alifuta namba moja kwa mkono wake. Basi namba moja haikupaswa kuwepo. Ilikuwepo.

Na mahali pa mleta jina hapakuwa wazi tena. Pak Sarbini ndiye aliyesoma, huku kikombe kimesimama hewani: marehemu, Palupi; aliyeleta, Wongso; uhusiano, mjukuu.

Kwanza tulimshuku mtu. Ndivyo ilivyo, kumshuku binadamu ni faraja. Kila anayeita seva huacha anwani yake kwenye kumbukumbu zake, kama anayepita matopeni. Palupi akatafuta anwani ya aliyeleta namba moja. Aliipata. Akakaa anaitazama. Nikamuuliza ni ya wapi. Akasema ni ya mashine yenyewe. Aliyeita aliita kutokea ndani.

Akafuta. Akahesabu mpaka kumi, akafungua. Namba moja.

Akazima, akawasha. Namba moja. Akaleta nakala ya akiba, ile aliyoiweka pembeni siku za mwanzo, kabla mtu yeyote hajaleta mfu wake. Namba moja. Ikabidi afute kila kitu, mpaka ile programu kuu ya mashine, asakinishe upya kama siku ilipotoka kiwandani. Kazi ya saa sita. Mashine ikimuuliza, unakubali? Anabonyeza ndiyo. Unakubali? Ndiyo. Hakuwa anasoma, nilimwona. Nilimuuliza anakubali nini. Akasema hakuna anayesoma hayo, Mbah.

Ilipomaliza alitaka kuchora daftari jipya, mistari na safu, kazi ya mwanzo kabisa. Hakulichora. Lilikuwepo. Tupu, lina mstari mmoja.

"Sijalitengeneza bado," alinong'ona. "Mbah, sijalitengeneza."

Hapo nikamwambia kuhusu ile miaka kumi na tisa ambayo Wongso hakusomewa. Alikuwa anajua, tangu ana miaka saba anajua. Nikamwambia amwandike. Mwandike babu yako, mahali pa marehemu, na mleta jina niandike mimi, na uhusiano andika mke. Nilisema neno hilo kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama alichotaka ni kusomewa, asomewe, shingo yangu ipinde, yaishe.

Palupi akaandika. Akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu.

Hakunisomea. Ilibidi nimshike bega. Akasoma polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Wongso ni mleta jina. Mleta jina hawi marehemu."

Nikasema, basi rekebisha, wewe si ndiye uliyeifundisha kusema? Akatikisa kichwa. Kila onyo la tovuti ile aliliandika yeye, alikuwa anayajua yote, manne. Hilo lilikuwa la tano.

Nilivuta waya ukutani kwa mkono wangu. Ngurumo ikakoma. Niliiweka mashine juu ya meza ya jikoni, imefunguliwa, tumbo wazi kama kuku. Tukala wali. Hatujanawa, simu ya Suparti ikaita kutoka Hong Kong. Alikuwa amefungua tovuti wakati wa mapumziko yake. Alitaka kujua ni mjinga gani aliyemwandika mtoto wake na wafu.

Palupi aliitazama mashine. Mimi niliutazama waya. Ulikuwa mkononi mwangu.

Pak Sarbini si mtu mbaya. Alisema tuachane na mashine. Alikaa barazani kwangu siku mbili akinakili majina kwa mkono, kwa kalamu, kutoka picha alizozipiga kwa simu yake siku ile ya kahawa. Mia tatu na kumi na mawili. La Palupi aliliruka. Palupi aliipitia karatasi mara tatu kwa sauti. Halafu nikaipitia mimi, mstari mmoja mmoja, nikitafuta lile umbo ninalolijua. Halikuwamo. Nilimwambia mtoto abaki nyumbani siku ile. Akasema akibaki, watu watauliza, na zaidi ya hayo, anaogopa kubaki na ile meza yenye mashine.

Siku ya kupanda makaburini jua lilikuwa zuri. Watu mia nne, vikapu vya apem, watoto wanagombania ndizi. Palupi alikaa ubavuni kwangu, sinia mapajani. Pak Sarbini alisoma. Wafu wa nyumba ya kwanza, amin. Wa nyumba ya pili, amin. Muda mrefu. Mdomo unazoea. Unaitikia wenyewe, akili iko kwenye magoti yanayouma.

Jina la mwisho lilikuwa la baba yake Pak Sarbini. Amin. Nikashusha pumzi. Yeye akageuza karatasi.

Akasoma jina la Palupi.

Watu mia nne walisema amin.

Nilimgeukia. Midomo yake ilikuwa ndiyo kwanza inafumba. Naye alikuwa ameitikia. Mara ya kwanza.

"Mbah," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sikukusudia."

Pak Sarbini aliapa hakulitamka. Aliapa kwa mama yake. Nyuma ya karatasi palikuwa peupe, nimepaona. Watu niliowauliza walisema hawakumbuki jina la mwisho lilikuwa la nani. Basi waliitikia nini?

Zilipita siku tisa. Nilizuia nini? Nilimlaza kitandani kwangu, nikampikia, nikamwita shehe kutoka Boyolali, akasoma, akaenda zake. Palupi alikuwa mpole sana. Alijibu kila alichoulizwa, upesi, hata kabla hujamaliza kuuliza. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nilikuwa nakaanga. Nilimsikia chumbani akisema, "Naam?" Mimi sikuwa nimemwita.

Nilimkuta kwenye kiti chake. Daktari aliandika moyo. Umri, ishirini na sita.

Mashine nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, aondoke nayo tu. Nilimwona akiivunja vipande. Tovuti, Suparti ananiambia, haifunguki tena. Alikuja kuzika, akarudi Hong Kong, wazee wanamngoja. Chumba nimekifunga.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Ruwah imefika tena, na Pak Sarbini anakusanya vikaratasi kama zamani. Changu kina majina kumi na matatu: la Palupi limo, na la Wongso.

Jana, saa nne asubuhi, niliitwa kutoka chumba kile. Mbah. Sauti ninaijua kuliko yangu. Nilizima jiko, nikangoja. Mbah. Nilingoja mpaka mafuta yakapoa. Ya tatu haikuja.

Nikafungua mlango. Chumba kitupu, niliuza hata meza. Sakafuni palikuwa na karatasi iliyochapwa, moja, yenye uvuguvugu kama apem iliyotoka jikoni. Ina mstari mmoja. Namba ninaisoma: mbili. Upande wa mleta jina kuna lile umbo ninalolijua, la mjukuu wangu, halina kosa.

Upande wa marehemu kuna jina nisilolijua umbo. Nimelihesabu kwa kidole. Herufi tano tu.

Karatasi iko chini ya godoro langu. Sijamwomba mtu anisomee.