Mara Sita za Kweli

Kila asubuhi, kabla baba hajawasha gari, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alifungua droo ya mbele, akatoa daftari lenye jalada la kijani, akasoma kilomita kwenye dashibodi na kuziandika. Ndipo baba alipozungusha ufunguo. Nyumbani walimwita Karani. Jina hilo alipewa na bibi yake, aliyesema kwamba mwandiko wa mjukuu wake ungeweza kuajiriwa hata kabla mwenyewe hajamaliza shule.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, la viti saba, lililoinuka juu ya barabara. Baba alikuwa mpima ardhi, na kazi zake zilimpeleka kwenye njia mbovu, lakini hasa alilinunua kwa ajili ya bibi. Bibi aliwahi kuvunjika nyonga, nayo haikuunga vizuri, kwa hiyo safarini alihitaji kiti cha kulala. Ng'ambo ya mlima aliishi mdogo wake, ambaye watoto walimwita Bibi Mdogo. Huyo miguu ilikuwa haimbebi tena na masikio yake hayakusikia hata kidogo, hivyo simu haikumfaa kitu. Wawili hao waliandikiana barua. Hawakuwa wameonana kwa miaka minne, maana njia ya kwenda huko ilikuwa ya mawe na gari dogo haliipandi.

Siku gari lilipoletwa, bibi alitoka nje akichechemea, akaligonga mlango kwa mkongojo kama mtu anayepiga hodi.

"Sasa nitamwona mdogo wangu," alisema.

Bibi hakuwa mtu wa kurudia maneno. Alisema hivyo mara moja, akarudi ndani.

Mwezi haukuisha, gari likaanza visa vyake. Kwanza kioo cha nyuma kilishuka kikakataa kupanda, mvua ikanyesha, mama akakaa ndani ya gari amefungua mwavuli. Siku hiyo walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha likaanza kuzima. Lilikuwa likienda vizuri, mara taa zote za dashibodi zinawaka, injini inanyamaza, na usukani unakuwa mzito. Baada ya dakika chache linawaka tena kana kwamba halijafanya lolote.

Baba alilipeleka kwenye karakana ya kampuni iliyowauzia. Walilizungusha mtaani, wakamrudishia funguo.

"Hapa halizimi, mzee," walisema. "Halina neno."

Aliporudi mara ya tatu, msimamizi wa karakana, mwanamume mwembamba aliyevaa miwani, alimweleza ukweli. "Bila maandishi siwezi kuwadai kitu waliolitengeneza. Andikeni kila linapozima. Siku gani, mahali gani, lilikuwa likifanya nini. Mkiniletea hayo, nitayapeleka mbele."

Hivyo ndivyo Karani alivyopata kazi. Kilomita aliziandika kurasa za mwanzo, malalamiko aliyaandika kurasa za nyuma.

Alhamisi moja walimlaza bibi kwenye kiti cha nyuma, wakamwekea mto, wakaanza safari ya kwa mdogo wake. Katikati ya mlima gari lilizima. Kabla baba hajavuta breki ya mkono, lilirudi nyuma hatua kadhaa, na mama akapiga ukelele. Bibi alikuwa ameushika mkono wa Karani kwa nguvu hata kucha zikaacha alama.

"Mdogo wangu anisubiri kidogo," alisema bibi. "Nisije nikafika kwake nimebebwa."

"Mama, hupandi tena gari hili mpaka lipone," baba alisema.

Safari hii karakana walikaa na gari siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Karani alifuatana na baba kwenda kulichukua. Chumba cha kungojea kilijaa watu wenye magari ya aina ileile, kila mmoja na lake. Mmoja taa haizimiki, mwingine maji yanavuja miguuni. Mama mmoja mwoka mikate, ambaye bado alikuwa na unga kwenye viwiko, alisema gari lake huzima njiani likiwa limebeba mikate ya moto.

"Lenu limezima mara ngapi?" alimuuliza Karani.

"Mara sita. Nimeandika zote."

Mwoka mikate aliguna. "Sita? Mwanangu, mimi nimekuja na kumi na wamenirudisha. Hawa wanataka kuona daftari limejaa."

Maneno hayo yalimkaa Karani kichwani. Jioni ile, mama akiwa jikoni, alikaa mezani na kalenda. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Gari kuzima lilikuwa linazima kweli, na bibi alikuwa anangoja. Aliongeza mara tisa za kubuni, akazitawanya huku na huku: Jumatatu karibu na shule, Jumanne karibu na soko, Jumamosi mbele ya posta. Alibadilisha hata kalamu ili zisifanane. Mara sita zikawa kumi na tano, na daftari likapendeza.

Wiki iliyofuata walikaa mbele ya meza ya msimamizi. Alisoma taratibu, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Tarehe kumi na tisa, Jumanne, mnasema lilizima karibu na soko," alisema. "Siku hiyo gari lilikuwa wapi, mzee?"

Baba alikunja uso akifikiri.

"Lilikuwa hapa," msimamizi alijijibu. "Pale, juu ya mashine, halina hata magurudumu."

Kijana mmoja wa ofisini aliyekaa pembeni aliangua kicheko.

"Amekosea tarehe," baba alisema. "Mwanangu haandiki uongo."

"Huenda. Lakini daftari hili siwezi kulipeleka kokote. Wakiona moja si kweli, hawatasoma la pili."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, baba alimpapasa kichwa. "Usijali, Karani. Nani asiyekosea tarehe?"

Laiti angemgombeza! Ule upole ulimchoma kuliko kiboko. Aligeukia dirishani.

Wiki tatu zilipita. Bibi alikuwa akipungua kama sabuni. Kila jioni aliuliza swali moja tu.

"Gari limepona?"

"Bado, bibi."

Basi, hakuongeza neno. Jumatano moja alimwita Karani amwandikie barua, kwa kuwa mikono yake ilikuwa haitulii tena.

"Mwandikie mdogo wangu. Mwambie nakuja."

"Nimwambie lini, bibi?"

"Gari likipona."

Karani aliandika huku herufi zikimcheza machoni. Siku hiyo alipiga moyo konde. Baba alikuwa mbali kwenye kazi ya kupima mashamba na angerudi Ijumaa. Ijumaa atamwambia yote, liwalo na liwe.

Alhamisi alasiri, alipotoka shule, aliwakuta majirani wamesimama uani. Bibi alikuwa amefariki kwenye kiti chake, kimya kimya. Barua ilikuwa bado mezani, haijatumwa.

Karani alilia kama wengine, lakini kilio chake kilikuwa na kitu kingine ndani ambacho hakuna aliyekijua.

Siku tisa baada ya mazishi, baba alichukua funguo na lile daftari la kijani. "Nakwenda kuwarudishia gari lao," alisema. "Na nitawaambia tena kwamba walimkosea adabu mwanangu."

"Hawakunikosea, baba."

Baba aligeuka.

"Niliongeza," Karani alisema, na baada ya neno hilo mengine yakamwagika yenyewe. Alisimulia yote: mwoka mikate, kalenda, kalamu mbili. Baba alikaa kwenye ngazi ya mlangoni. Alilifungua daftari mapajani, akageuza kurasa za nyuma.

"Za kweli ni ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Sita."

"Unazikumbuka zote?"

"Zote, baba."

"Basi twende ukaseme mwenyewe."

Msimamizi alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwita fundi mkuu, mama mnene mwenye ovaroli iliyopauka. Karani alichora mstari juu ya kila uongo wake, mmoja mmoja. Fundi akasoma yaliyobaki kwa sauti.

"Jumatano. Alhamisi. Alhamisi. Jumatano. Jumatano. Alhamisi." Aliinua macho. "Zote kwenye mwinuko?"

"Ndiyo, mama."

"Mzee, mafuta unajaza siku gani?"

"Ijumaa," baba alijibu. "Najaza tangi, nakwenda nalo wiki nzima."

Fundi alipiga kofi paja lake. "Kumbe! Linazima mafuta yakiwa machache na gari likiwa linapanda. Sisi tunalijaribu hapa kwenye tambarare, tutaona nini? Na ulipokuwa na Jumatatu na Jumamosi humu ndani, nani angejua?"

Walilishusha tangi siku hiyohiyo. Ndani yake mna kibakuli kinachoshikilia mafuta yaliyoizunguka pampu, nacho kilikuwa kimepasuka. Gari likipanda, mafuta machache yalikimbilia nyuma na pampu ikavuta hewa.

"Jambo dogo," fundi alisema, akijifuta mikono kwa kitambaa, bila kujua anasema nini. "Hata kabla ya kulitengeneza, mngejaza tangi tu, lingewapandisha mlima wowote."

Baba aligeuka akaangalia ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Karani alielewa kila kitu mara moja. Laiti daftari lingekuwa na mara sita tu, bibi angempata mdogo wake wiki ileile.

Gari lilitengenezwa kwa siku mbili. Msimamizi aliwaita wenye magari wengine waliolalamikia kuzima, na mwoka mikate alikuwa wa kwanza kufika. Kibakuli chake nacho kilikuwa na ufa mahali palepale.

Alhamisi iliyofuata Karani na baba walipanda mlima. Mafuta yalikuwa yamebaki kidogo, na gari lilikwenda bila hata kukohoa. Mto wa bibi ulikuwa bado kwenye kiti cha nyuma.

Bibi Mdogo alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Habari za msiba alikuwa amekwisha kuzipata kwa jirani. Alimvuta Karani, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Mbona hamkumleta?" aliuliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Gari lilikuwa na nini?"

Karani alifungua daftari la kijani, ukurasa mpya, akaandika kwa herufi kubwa. Hakuacha kitu. Bibi Mdogo alisoma akifuata kila neno kwa kidole. Alipomaliza alifumba macho, na machozi yakapita kwenye mikunjo ya uso wake.

"Ulitaka kumsaidia," alisema. "Nalijua hilo. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Dada yangu alikuwa na shida ya kweli, wewe ukaipamba mpaka haikutambulika. Jambo la kweli usiliongeze. Likiwa dogo, liache hivyohivyo dogo, na ulisimamie. Umenielewa?"

Karani alitikisa kichwa kukubali. Alimpa ile barua iliyobaki mezani. Bibi Mdogo aliisoma, akaiweka kifuani.

"Niambie kitu kimoja," alisema baadaye, safari hii kwa sauti ya chini. "Alinitaja?"

Karani alishika kalamu. Moyo wake wote ulitaka kuandika *kila siku*. Nani angejua? Nani angedhurika? Alimwangalia yule mzee anayengoja, kisha akaandika polepole:

*Mara tatu. Siku gari lilipokuja. Siku lilipozima mlimani. Na siku ya barua hii.*

Bibi Mdogo alisoma. Alisoma tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waingie, alitabasamu huku analia.

"Tatu," alisema. "Huyo kweli ni dada yangu. Ungeniandikia kila siku, nisingekuamini."

Aliuomba ule ukurasa. Karani akauchana taratibu, akampa.